Jenifa Ndani ya Simu

Siku ya mnada Masumbwe watu hawapishani, wanasukumana. Eufrasia alikuwa amezunguka vibanda vya simu vya pale stendi karibu vyote, mfuko wa CD umemning'inia mkononi, na kila alikoingia aliambiwa kwamba kompyuta za siku hizi hazina mlango wa CD. Jua lilikuwa limeshamchosha. Alirudi nyuma kukwepa mkokoteni wa ng'ombe, akamkanyaga mtu, mfuko ukamponyoka na CD zikatawanyika vumbini.

Aliyekanyagwa alikuwa kijana mrefu mwenye shati la drafti lililofungwa vifungo upande. Aliinama kuokota kabla hata ya kuutazama mguu wake. Aliigeuzageuza CD moja, akaipuliza vumbi, kisha akasema kwamba kibandani kwake ana kompyuta kuukuu inayosoma vitu hivi. Jina lake lilikuwa Ansgar.

Eufrasia alikuwa fundi cherehani wa Ushirombo, na siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha kijani alilolishona mwenyewe, mabega yamesimama vizuri, kiuno kimekaa mahali pake. Ansgar aliliona gauni lile na akajikuta anashindwa kuweka CD sawasawa kwenye kompyuta. Eufrasia alimweleza kwamba nyimbo zile ni za kwaya ya parokia, na sauti nzito inayoanzisha kila wimbo ni ya baba yake, marehemu Agapiti. Deki ya nyumbani ilikuwa imekufa. Mama yake alikuwa hajaisikia sauti ile tangu mwaka jana.

Ansgar akamfafanulia kazi. Nyimbo zikitolewa kwenye CD jinsi zilivyo huwa kubwa mno, kwa hiyo kompyuta huzibana, na zikishabanwa zote hukaa kwenye kadi moja ndogo ya simu.

"Ukizibana, sauti ya baba haitabadilika?" Eufrasia aliuliza.

Ansgar aliigeuza CD mkononi. "Kuna kinachopotea," alisema. "Ila nitazibana kidogo sana. Wewe hutakisikia hicho kilichopotea."

Jibu hilo lilimkaa Eufrasia moyoni njia nzima hadi nyumbani, na hakujua kwa nini.

Maandishi ya kalamu juu ya CD yalikuwa yamefutika, ikabidi Ansgar apige simu kuulizia majina ya nyimbo. Aliweka simu karibu na spika, akapiga kipande, na Eufrasia upande wa pili akataja jina huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Mwanzoni waliongea nyimbo tu. Kisha Ansgar akaanza kupiga kuuliza wimbo ambao alikwisha kuuliza jana yake.

"Huo nilishakutajia," Eufrasia alisema.

"Nimesahau, mpenzi."

"Mpenzi wa nani?"

"Hilo pia nimesahau. Nikumbushe."

Eufrasia alicheka hadi akashona mkono wa gauni la mteja juu chini. Alimwambia Ansgar kwamba ana maneno mengi kuliko redio, kisha akakaa akisubiri apige tena. Akija Masumbwe kununua nyuzi alipita kibandani, na walikaa wakinywa soda, wanasikilizana bila kusema jambo lolote la maana. Alipokabidhiwa kadi alifurahi sana, lakini hakuifungua. Alitaka mama yake aisikie kwanza, siku ya misa ya kumbukumbu ya baba.

Siku hiyo, baada ya misa, ndugu walikaa uani kwa chakula. Binamu yake, Aneth, aliunganisha simu ya Eufrasia na spika. Sauti ya marehemu Agapiti ikajaa ua mzima. Mama alishusha kijiko, akafumba macho.

Kisha Aneth, aliyekuwa ameishika simu, akasoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo chini ya jina la wimbo: "Kwa mke wangu mtarajiwa, Jenifa." Akasogeza wimbo wa pili, na wa tatu. Zote ziliandikwa hivyo hivyo. "Dada, Jenifa ndiye nani?"

Eufrasia aliichukua simu. Aliyasoma maneno yale, akayarudia, na hayakubadilika. Je, Ansgar alikuwa na mchumba? Na kama anaye, kwa nini amwandike kwenye nyimbo za baba wa mtu mwingine? Alitaka kukasirika lakini hata hasira yenyewe hakujua aanzie wapi.

Ansgar alipopiga jioni kuulizia shughuli ilivyokwenda, Eufrasia aliuliza jambo moja tu. "Jenifa hajambo?"

Sasa, Ansgar aliwahi kuwa na msichana aitwaye Jenifa, wa Katoro, na habari zake hakuwahi kumwambia Eufrasia. Akili yake ilikimbilia huko moja kwa moja. Aliwaza ni nani kampelekea Eufrasia maneno.

"Nilitaka nikwambie mwenyewe," alisema. "Nilimpenda, sikatai, lakini yale..."

Simu ikakatwa. Kila alipopiga tena, haikuita.

Siku zilizofuata Ansgar alifanya kazi kama mtu mwenye homa. Jenifa wa Katoro alikuwa ameolewa Mwanza zamani. Kosa lilikuwa kutokusema, hilo alilikubali, lakini mtu anaachwa kwa hilo? Naye Eufrasia huko Ushirombo alisikiliza nyimbo za baba yake simu ikiwa imelala kifudifudi, asione kioo. Alimkumbuka Ansgar, akajichukia kwa kumkumbuka, kisha akamkumbuka tena.

Jumamosi Ansgar alivaa shati jeupe, safari hii vifungo vimekaa sawa, akaenda Ushirombo. Alimkuta Eufrasia barazani kwao, kwenye cherehani, na mama yake pembeni anachambua maharage.

"Mwadila, mayu. Shikamoo," alimsalimia mama.

"Marahaba, baba. Keti."

Hakuketi. Alisimama mbele ya Eufrasia, akaeleza habari za Katoro zote, ilivyoanza na ilivyokwisha. Eufrasia alimsikiliza mpaka mwisho, akazidi kutatanika.

"Kama aliolewa," alisema, "mbona umeandika ni mke wako mtarajiwa?"

"Nimeandika wapi?"

Akampa simu. Ansgar aliyasoma maneno yale akiwa haelewi kitu, kisha akakaa chini palepale, juu ya mabaki ya vitambaa. Maneno yalikuwa ya Frank, mchimbaji anayeshinda maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu. Siku ile ile Eufrasia alipoleta zake, Frank alikuwa ameleta CD za kumtengenezea mchumba wake zawadi, na maneno hayo ndiyo aliyoagiza yaandikwe. Ansgar aliyaandika nyimbo za Frank zikiwa zimeshatolewa, kompyuta ikayashika na kuyabandika kwenye CD zilizofuata, za Eufrasia. Ansgar alihangaika na majina ya nyimbo tu, kwa sababu ndiyo yaliyompa nafasi ya kupiga simu.

"Wachumba wawili, wote Jenifa," Eufrasia alisema. "Nami niamini?"

Ansgar akampigia Frank, simu ikaachwa wazi wote wasikie. Alimuuliza kama mchumba wake aliipenda zawadi. Frank alilalamika kwamba Jenifa amenuna, anasema jina lake halionekani popote.

"Limekuja huku kwetu," Eufrasia alisema kwenye simu, akaikata.

Alitaka kucheka, machozi yakatangulia. Alisema kwamba la kompyuta ameliamini, ila la Katoro angependa kuambiwa akiwa bado hajaumia. Ansgar alikiri kwamba aliogopa, akaomba radhi bila kujitetea.

Mama aliweka ungo chini. "Sasa baba, umetoka Masumbwe kuja kutueleza mambo ya kompyuta tu?"

"Hapana, mama. Nimekuja kumchumbia Eufrasia." Alishtuka kujisikia akisema.

"Mimi hujaniuliza," Eufrasia alisema.

"Nakuuliza sasa, mpenzi."

Eufrasia aliinamia cherehani, akalizungusha gurudumu lake ingawa hapakuwa na kitambaa. "Waambie wazee wako waje," alisema.

Ansgar alimtazama yeye, akamtazama mama. "Kwa hiyo umekubali, au niwalete waje kuuliza?"

"Nimesema waje."

Alibaki amekaa kwenye vitambaa, hajui asimame au acheke, hadi mama alipomsogezea kiti.

"Keti vizuri, baba," mama alisema. "Amekubali."