Siku Maua Alipokataa Ugali

Mambo haya yalitokea mwezi Machi, mwaka 2025, wakati wa palizi ya pamba, katika kijiji kimoja cha Kasoli, wilayani Bariadi. Kijijini hapo watoto wa jirani hupalilia kwa zamu: leo shamba la huyu, kesho la yule. Aliyesaidiwa hudaiwa jembe, naye hulipa kwa jembe.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya kina Kwandu, msichana wa darasa la sita. Maua, aliyehamia kijijini na mama yake mwezi Januari, alipalilia tangu asubuhi bila kupumzika. Mchana Kwandu alileta ugali na mlenda. Watoto walinawa, wakazunguka sinia. Maua alibaki pembeni.

"Njoo ule," Kwandu alimwita.

"Asante, sitakula."

"Hata maji?"

"Hata maji."

Kulwa, mchekeshaji wao, alidakia, "Mwache! Tonge lake nitalimaliza mimi."

Kwandu hakucheka. Kwao, anayekataa chakula cha shambani amemtukana aliyekipika, na aliyekipika alikuwa bibi yake.

"Anatudharau," alinong'ona. "Kesho ni zamu yake. Asiende mtu."

Kesho yake hakwenda mtu. Mama yake Maua alikuwa amevunjika mkono, hivyo Maua alipambana peke yake na magugu yaliyokwisha kuisonga pamba yao. Wasiposaidiwa, wangekosa mavuno.

Mchana Bibi Martha alimkuta Kwandu nyumbani. "Leo si zamu ya Maua? Mbona umekaa?"

"Alikataa ugali wako, bibi. Hata maji alikataa."

Bibi aliuweka ungo chini. "Yule na mama yake ni Waislamu, na huu ni mwezi wa Ramadhani. Amefunga."

"Kwa nini hakusema?"

"Kwa nini hukumwuliza? Ulimwona hali, ukajijibu mwenyewe. Amekulimia kutwa nzima na kiu kooni, nawe umemwachia magugu! Sikiliza, Kwandu. Mtu akifanya jambo usilolielewa, mwulize kwa adabu. Usimpime kwa desturi za kwenu, kwa maana naye ana za kwao. Haya, chukua jembe."

Kwandu aliwakusanya wenzake, wakaenda.

"Nisamehe, Maua," alisema. "Nilidhani unatudharau."

"Nami niliogopa kusema," Maua alijibu. "Nilidhani mtanicheka."

Walipalilia mpaka jua likazama. Kwandu akafunua ugali alioutuma bibi, lakini hakuna aliyetia mkono. Maua alikunywa maji kwanza, kisha akamega tonge, akalichovya katika mlenda.

"Bibi yako anajua kusonga," alisema.

"Ole wangu!" Kulwa aliguna. "Tonge langu limepata mwenyewe."

Wote waliangua kicheko. Kwandu alikula upesi, akanawa, akashika tena jembe. Mstari mmoja ulikuwa umebaki, na mwanga ulitosha kuumaliza. Aliupalilia mpaka mwisho, na deni lake likaisha.