Jina la Pili kwenye Daftari

Munira binti Mahmud hakulelewa kuamini mizimu. Kwao ni Majengo, Sumbawanga, nyumba ya duka, na mtoto wa duka hufundishwa mapema kumtilia shaka aliye hai: anayebonyeza mkate, anayeuliza bei mara tatu. Elimu hiyo ndiyo iliyompatia kazi.

Julai ile walikuja wanafunzi kumi na mmoja kutoka ng'ambo, kuchimba tanuru la kale la kuyeyushia chuma karibu na Msanzi, lile ambalo Wafipa huliita ilungu. Munira akaajiriwa kuwasimamia kambini. Profesa wao alimwahidi jambo moja: wiki tano zikipita bila kanuni kuvunjwa, atapewa ajira ya kudumu. Munira alikuwa amemaliza chuo miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo alikuwa akipima sukari dukani kwa baba yake. Aliitaka ajira hiyo kuliko kitu chochote duniani.

Kanuni zilikuwa kumi na nne, na kila mwanafunzi alizitia saini. Usiokote kitu shimoni. Usilewe. Usiwe na mpenzi mwenyeji. Ya tano profesa aliirudia kila asubuhi juu ya uji: hakuna kutoka kambini peke yako. Wawili huandikwa kwenye daftari wakitoka, na wakirudi kila mmoja hutia alama mbele ya jina lake.

Lakini kumi na moja haigawanyiki kwa mbili. Aliyebaki bila mwenza alikuwa Faith, binti mpole mwenye Kiswahili cha darasani, aliyependa kwenda kulichora tanuru kila baada ya chakula cha mchana. Wiki ya kwanza Munira alimsindikiza. Ya pili kazi zikamzidi.

"Dada Munira, tafadhali," Faith alimwomba Jumanne moja, ubao wa kuchorea kwapani. "Ni karibu tu."

Kweli ilikuwa karibu. Ukisimama jikoni ulikiona kichuguu cha tanuru kikijitokeza juu ya nyasi. Vibarua wa kijijini waliruhusiwa kuwa wenza, na profesa hakuwajua kwa majina. Munira akaandika: Faith. Chini yake akaandika jina la kwanza lililomjia kichwani: Isdori.

Akafanya hivyo Jumatano. Na Alhamisi. Uongo ukishazoeleka hauchomi tena.

Ijumaa aliandika tena, na alipoingia jikoni alimkuta Marsiana, mpishi, mama mtu mzima wa Msanzi, akichekecha unga wa ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yule binti anatembea na nani?"

"Kibarua."

"Kibarua gani wa kwetu anayetembea kifua wazi na baridi hii?"

Munira alicheka, kisha akaelewa. Mpenzi. Faith alikuwa na mpenzi mwenyeji, na ajira yake ilikuwa inaota mbawa mbele ya macho yake. Tangu saa ile akaanza kumpeleleza. Akaona Faith akifunga viazi viwili kwenye kitambaa, akirudi na kitambaa kitupu. Akaona jivu kwenye bega la sweta lake, mahali ambapo mtu angeweka mkono. Akafunua karatasi za ubao wa michoro. Tanuru lilichorwa vizuri, tofali kwa tofali. Chini yake alikaa mwanamume, amegeuza mgongo.

Akalitoa daftari kwenye sanduku. Sanduku lilikuwa na kufuli, na ufunguo aliuvaa shingoni. Mbele ya jina la Faith zilikuwepo alama za kurudi, kwa penseli. Mbele ya Isdori, Munira hakuwahi kutia alama yoyote.

Palikuwa na dole gumba. Jeusi, la masizi. Manne, moja kwa kila siku.

Akaenda hemani kwa Faith. "Ni nani yule?" alinong'ona.

Faith alimshangaa. "Si ulinipa wewe? Nilimkuta pale siku ya kwanza. Alisema dada wa daftari amemwita."

"Anataka nini?"

"Hasemi sana. Ananiuliza tu kama nitakaa naye zamu nzima." Faith akatabasamu. "Nimemwambia kesho nitakaa."

Munira alirudi jikoni mbio na kumweleza Marsiana kila kitu. Marsiana aliweka chekeche chini.

"Hilo jina nilikutajia mimi," alisema polepole. "Siku ya kwanza, ulipokuwa unahesabu sahani. Hukunisikiliza, lakini lilikuingia."

Moto wa ilungu, alieleza, ulilindwa na watu wawili kwa zamu. Zamani zile Isdori alikuwa wa zamu, mwenzake akaifuata pombe ya ulezi, akamwacha peke yake. Watu waliporudi, moto ulikuwa umezimika. Nyayo za Isdori zilikwenda mpaka mlangoni mwa tanuru. Hazikurudi.

"Basi nitalifuta jina lake."

"Umwache peke yake tena?" Marsiana alitikisa kichwa. "Wa zamu haondoki hivi hivi, mwanangu. Anabadilishwa."

Jumamosi ukungu uligoma kuondoka. Saa saba mchana Munira alifungua sanduku. Jina la Faith lilikuwa limeshaandikwa, kwa mwandiko wa Faith. Chini yake, dole gumba.

Hemani hakuwepo. Munira akaenda kwa profesa, akakiri yote, siku nne za uongo. Wakatoka wote, wakiita kwa sauti jina moja. Walilizunguka tanuru. Wakachungulia ndani. Hakuna mtu. Ubao wa michoro ulikuwa chini. Munira aliweka kiganja ukutani mwa tanuru.

Udongo ulikuwa na joto.

Akarudi kambini. Akalifungua daftari. Akalikata jina la Faith kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika: Munira. Aliogopa baadaye.

Hazikupita dakika kumi, Faith akatokea kwenye nyasi, midomo imekauka, akiuliza kwa nini wanapiga kelele. Alidhani amekaa kidogo tu. "Ameniambia niende," alisema. "Eti nimebadilishwa."

Profesa alimfukuza Munira jioni ileile, kwa kanuni ya tano. Alilia sana. Ajira ilikuwa mkononi kabisa.

Asubuhi alisubiri peke yake kando ya barabara ya Msanzi, na begi lake. Kheri, mdogo wake, ndiye kondakta wa gari la familia. Alimpokea begi, akaandika kwenye orodha ya abiria, kisha akatazama nyuma ya dada yake.

"Panda, dada. Na mshikaji wako apande, viti viwili vipo nyuma."

"Mshikaji gani?"

Kheri akageuka, akatazama tena. Akakunja uso, akapakia begi.

Siku hizi Munira yupo dukani Majengo. Nenda kanunue sukari, utamkuta. Nyuma ya kaunta ana viti viwili, na ukijaribu kukalia cha pili atakuomba kwa upole usimame. Kila asubuhi hukipangusa jivu. Baba yake amebadilisha kiti hicho mara mbili; jivu bado linarudi. Na Munira hafungi duka kwenda kula, hata kwa dakika tano, mpaka mtu aje amshikie zamu.