Kichwa cha Samaki Kilimtazama Mwingine

Walikutana kwenye foleni ya posta mjini Fresno, mchana wa Jumamosi ya Desemba, kila mtu na vifurushi vyake. Rosalie Gee, blauzi ya kijani, nywele zikinukia tangawizi, alimkanyaga Haig Torosian. Haig, Muarmenia fundi viatu, hakulalamika. Aliinama kukitazama kiatu kilichomkanyaga.

“Kisigino kimelika upande, dada. Niletee dukani.”

“Nimekuumiza, nawe unatafuta kazi?”

“Natafuta jina lako.”

Tangu siku hiyo alipiga simu kila mchana kwenye mkahawa wa wazazi wa Rosalie kuagiza chop sui asiyoihitaji. Msiicheke chop sui, ule mchanganyiko wa nyama na mboga uliobuniwa kwa wateja wa Kimarekani. Wakubwa walipobomoa nusu ya mtaa wetu wa Wachina wapitishe barabara yao kuu, ni sufuria hizo zilizotusomesha. Mimi sijasahau.

Mwezi wa nne Haig alialikwa nyumbani kwa kina Rosalie, yaani mkahawani. Alivaa koti la harusi la kaka yake, pete ya bibi yake mzaa mama mfukoni. Mama Gee akamkalisha kando ya mlango wa jiko, akamtwika beseni la njegere za maganda azitoe nyuzi.

Huku mbele, kwenye kitambaa cheupe, alikaa Curtis Hallam, suti ya krimu, yule wa gazetini aliyeandika kwamba mtaa wetu haujui upishi wa asili. Rosalie alimletea samaki mzima wa mvuke, tangawizi na majani ya vitunguu juu, chakula kisichoandikwa kwenye orodha. Akakigeuza kichwa cha samaki kimtazame Curtis. Akamchagulia nyama ya shavuni. Akacheka.

Haig aliona vyote. Njegere ilikatika vidoleni mwake. Akaliacha beseni nusu, akaondoka na pete yake.

Siku tatu simu ya mkahawa haikulia. Ya nne, Rosalie akapiga yeye.

“Leo huli chop sui?”

“Mpe yule wa samaki.”

“Mpenzi, unamwonea wivu samaki?”

“Kwetu mgeni hulishwa mpaka aombe huruma. Kumpa kazi ni kumfukuza. Mimi mlinipa beseni.”

“Hata kwetu mgeni hupewa kichwa cha samaki. Anakula, anasifu, anakwenda zake. Yule tulimchekea kwa sababu kalamu yake inaweza kutufungia mlango. Lakini lile beseni, Haig, mama hajawahi kumpa mtu wa nje. Nani kakwambia wewe ni mgeni?”

Kesho yake saa tano Haig alikuwa mlangoni mwa jiko, mikono ya shati imekunjwa. Mama Gee hakumsalimu. Alimsukumia beseni kwa mguu tu. Haig akachambua mpaka njegere ya mwisho, akamrudishia, akasimama akitokwa na jasho.

Mama akaingiza mkono, akatoa pete, akaifuta kwa aproni.

“Rosalie,” aliita, “hii nayo nitupe na nyuzi?”

Rosalie akaja mbio kutoka mbele, akamnyooshea Haig kidole cha pete.