Oili ya Silinda Sita

Jioni hiyo Mzee Spana alikwenda kuchagua injini tu, hakuna zaidi. Gari lenyewe lilikuwa tayari gerejini kwake: bodi nyekundu ya faiba, nakala ya gari la mashindano ambalo yeye na binti yake waliliona pichani tu. Miaka minne baba anachomelea, binti anapiga msasa. Na binti ndiye angeliendesha kwanza. Kwa binti huyo, Spana humwambii kitu.

Kwenye yadi ya magari mabovu zilibaki injini mbili. Moja ya silinda nne, imejaa vumbi, nzima kabisa. Nyingine ya silinda sita.

"Chukua ya nne," mama mwenye yadi alinong'ona. "Hiyo nyingine ni ya ajali. Kijana wa watu alikaa na gari siku tatu tu."

"Alipona?"

"Siku ya nne walimzika."

Lakini Spana na silinda sita, jamani! Mlio wake alishausikia kichwani. Aweke nne kwenye bodi ile, mafundi wenzake wamcheke mpaka lini? Akaigusa.

Ilikuwa na joto.

Jua la mchana hilo, alijiambia. Na siku nzima kulikuwa na mawingu.

"Basi mwaga oili hapahapa," mama akasema. "Unajua mwenyewe."

Alijua. Mafundi wote wa pale walijua: injini ya ajali haiingii kwako na oili yake. Lakini giza lilikuwa linaingia, na dereva wa pikapu alishapiga honi mara tatu.

"Nitaimwaga nyumbani, dada."

Mtu mzima na akili zake!

Gerejini, binti alikuwa amekaa kwenye usukani akisubiri. Spana akafungua nati ya chini. Oili ikamwagika kwenye shimo la gereji, nyeusi, ya moto... ikinukia marashi.

Tik... tik... tik...

Injini ilikuwa imeegeshwa tu juu ya shimo, haina betri, haina petroli. Puli yake ilikuwa inazunguka.

"Baba," binti akanong'ona. "Nani anafungua mlango wa abiria?"

Hakukuwa na mtu. Spana alimtoa mwanawe mbiombio, na kulipokucha tu akairudisha ile injini. Mama akampa ya silinda nne.

"Na oili?"

"Niliimwaga kwangu."

Mama akashika kichwa. "Sasa umeniletea chuma kitupu, kaka yangu. Mwenyewe umembakiza kwako."

Wiki mbili zikapita kimya. Silinda nne ikafungwa, ikawaka vizuri. Binti akanyoosha mkono apewe ufunguo.

"Leo naanza mimi," Spana akasema. Mtoto akanuna. Heri anune, baba mtu aliwaza. Akaingia, akafunga mkanda, akawasha.

Marashi.

Mkanda wa abiria ukajivuta taratibu... ukajifunga. Ka!

Spana akachomoa ufunguo. Injini haikuzima.

Binti akainama dirishani, uso wote tabasamu. "Baba, mbona mlio umebadilika? Shuka basi, zamu yangu."

"Rudi nyuma, mwanangu. Mbali!"

Fundi wa miaka thelathini hakosei mlio. Chini ya boneti alifunga silinda nne kwa mikono yake mwenyewe. Zilizokuwa zikinguruma zilikuwa sita.