Harufu Nyuma ya Kiti

Halfani alikuwa mfanyabiashara wa mchele. Alikaa Mwanjelwa, Mbeya, pamoja na mke wake Mwanakhamisi. Kila asubuhi Mwanakhamisi alichemsha chai ya tangawizi, maana baridi ya Mbeya haina huruma. Halfani aliinywa akiwa amesimama. Kisha alitoka nje kuipangusa motokaa yake umande.

Motokaa ile ilikuwa kuukuu. Aliinunua mwaka 1956 kwa mkulima mmoja wa Igowole. Rangi yake ilikuwa imebanduka. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba. Watu wa sokoni walimtania.

"Halfani, umenunua debe lenye magurudumu!"

Yeye alicheka nao tu. Alijua kwa nini aliinunua.

Zamani kidogo Mwanakhamisi alikuwa mjamzito. Alipanda lori la mizigo kwenda kwa mama yake Iringa, akajifungulie huko. Lori likaharibika njiani, mbali na watu. Uchungu ukamshika pale pale kabla ya wakati wake. Hapakuwa na mkunga wala dawa. Mtoto alizaliwa, lakini hakulia. Walimzika Chimala, karibu na pale lori lilipoharibika. Halfani alipata habari baadaye, akiwa dukani.

Tangu siku ile alisema moyoni mwake, "Mke wangu hatapanda lori tena."

Sasa Mwanakhamisi alikuwa mjamzito tena. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Halfani alipanga kumpeleka Iringa mapema, akae kwa mama yake, karibu na hospitali.

Siku moja walikwenda hospitali ya mjini Mbeya ili Mwanakhamisi apimwe. Walipoanza kupanda mlima, Mwanakhamisi alijifunika pua kwa kanga.

"Bwana, nasikia harufu ya petroli."

"Motokaa inakunywa petroli," Halfani alisema. "Ulitaka inukie marashi?"

Wakacheka wote wawili. Lakini walipofika juu, Mwanakhamisi alishuka akatapika. Kichwa kilimuuma mpaka jioni.

Jumapili Halfani aliikagua motokaa. Alifungua boneti. Alilala kifudifudi akatazama uvunguni. Palikuwa pakavu.

"Hakuna kitu," alimwambia mke wake. "Ni mimba tu. Mwenye mimba husikia harufu zisizokuwepo."

Wanawake wa sokoni nao walisema hivyo hivyo. Mwanakhamisi akanyamaza.

Siku ya safari ilipokaribia, Halfani alijaza tangi mpaka juu. Akamchukua mke wake waende kuwaaga jamaa zao mjini. Hawakufika hata nusu ya mlima.

"Simamisha, Bwana. Tafadhali simamisha."

Halfani alisimama. Mwanakhamisi alishuka, akashika mti, akavuta hewa.

"Humu sipandi tena," alisema.

"Utapanda nini, Mwanakhamisi? Lori?"

Mwanakhamisi aligeuza uso. Machozi yalimtoka.

"Motokaa hii nimeinunua kwa ajili yako," Halfani alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Najua. Ndiyo maana nimenyamaza siku zote hizi."

Mwanakhamisi akaanza kutembea kurudi nyumbani. Halfani aligeuza motokaa. Hakumpita. Aliendesha polepole kando yake, hatua kwa hatua, mpaka Mwanjelwa. Watu waliwatazama.

Jua lilipozama, Halfani bado alikuwa na mawazo. Alichukua taa ya chemli, akatoka. Alitaka kutazama tena chini ya motokaa. Alipiga magoti karibu na gurudumu la nyuma, akaanza kuiingiza taa uvunguni.

Wakati huo huo jirani yao Ikupa alikuwa akija na mkungu wa ndizi kwa ajili ya Mwanakhamisi. Alimwona.

"Eliezeri! Njoo! Halfani anaingiza taa chini ya gari!"

Mume wake, Eliezeri, alikuja mbio. Eliezeri alikuwa fundi wa magari. Kazi hiyo alijifunza jeshini wakati wa vita.

"Halfani, usiisogeze! Rudi nyuma na taa yako. Rudi polepole. Endelea. Ipeleke kule mbali."

Halfani aliipeleka taa mbali. Akarudi mbio.

"Kuna nini, ndugu yangu? Mimi natafuta petroli inayovuja tu."

"Na kama ungeiona, usingeishi ukatuambia," Eliezeri alisema. "Sikiliza. Petroli hutoa mvuke. Mvuke huo huuoni, lakini ndio unaowaka kwanza. Ni mzito, unatambaa chini. Ukiukuta moto hata hatua kadhaa kutoka kwenye gari, umekwisha. Petroli haitafutwi kwa taa, wala kwa kiberiti, wala na mtu anayevuta sigara. Inatafutwa mchana, mahali pa wazi, injini ikiwa imepoa."

"Lakini nilitazama mchana. Palikuwa pakavu."

"Basi kesho tutatazama pamoja. Usiku huu usiiguse."

Asubuhi Eliezeri alikuja na ndoo ya mchanga na kipande kikubwa cha katoni. Halfani alidhani ataanza na boneti. Eliezeri hakuigusa motokaa. Alimwendea Mwanakhamisi, aliyekuwa ameketi barazani.

"Ugonile, shemeji, umeamkaje? Hiyo harufu unaisikia kila siku?"

Mwanakhamisi alimtazama. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo.

"Hapana. Naisikia siku ile anapojaza petroli, na kesho yake. Petroli ikipungua, siisikii."

"Na njiani? Unaisikia mahali popote?"

"Tukipanda mlima. Tukishuka, inapotea."

"Inatoka mbele yako, kwenye injini?"

"Hapana, shemeji. Inatoka nyuma ya kiti."

Eliezeri alitabasamu. "Shemeji, umemaliza nusu ya kazi yangu."

Akamgeukia Halfani. "Ulipotazama Jumapili, tangi lilikuwa limejaa?"

"Halikujaa. Labda nusu."

"Na gari lilikuwa mahali tambarare?"

"Hapa hapa uani."

"Basi hukuweza kuona. Chukua birika lenye ufa karibu na mdomo. Ukitia chai nusu, haivuji. Ukijaza, inavuja. Ukiliinamisha upande wa ufa, inavuja zaidi. Tangi lako liko nyuma. Gari likipanda mlima, petroli yote inaegemea nyuma. Twende tukaifanye motokaa ipande mlima."

Hawakuwasha injini. Vijana wa jirani walikuja, wakaisukuma mpaka kwenye mwinuko, pua yake ikitazama juu. Eliezeri akaweka mawe makubwa nyuma ya magurudumu. Akawaambia watu wote wakae mbali na wasivute sigara. Ndoo ya mchanga akaiweka karibu. Kisha akatandika katoni chini ya tangi.

Wakasubiri. Halfani alisimama kando ya mke wake.

Tone moja likaanguka. Halafu jingine.

"Kama ni maji?" Halfani aliuliza. "Au mafuta ya injini?"

"Njoo uone. Mafuta ya injini ni meusi, yanateleza, na doa lake halikauki. Maji hayana harufu. Hili tone linanuka, na tazama, linakauka tukiwa tunalitazama. Ndiyo maana chini ulikuta pakavu. Petroli ilimwagika barabarani, ikakauka."

"Basi tangi limetoboka hapo linapodondokea."

"Usifanye haraka. Tone huanguka mahali pa chini, lakini huenda limetoka juu. Lazima uufuate unyevu kutoka chini kwenda juu."

Eliezeri alipangusa tangi kwa kitambaa likawa kavu. Kisha akatazama mahali unyevu unaporudi kwanza. Kidole chake kilipanda taratibu. Kilisimama kwenye mpira mfupi mnene, ule unaounganisha mdomo wa kujazia petroli na tangi.

"Ni huu hapa. Umezeeka. Ukiukunja unafungua mdomo kama mtu anayepiga miayo. Tazama juu yake, ufa huu."

Halafu akaonyesha bomba la moshi. Lilipita chini kidogo ya mpira ule.

"Ukiendesha, bomba hili linakuwa moto sana. Petroli ilikuwa ikidondoka karibu yake. Na mvuke wake ulikuwa ukiingia kwa nyuma, mpaka kwenye kiti. Kwa mtu yeyote ni mbaya. Unaumiza kichwa na kutapisha. Kwa mama mwenye mimba ni mbaya zaidi, kwake na kwa mtoto. Shemeji hakuwa akiota."

Halfani aliketi chini kwenye majani. Alilitazama lile bomba kwa muda mrefu. Mwanakhamisi akaja akaketi karibu naye, polepole, kwa sababu ya tumbo.

"Nilikwambia harufu haipo," Halfani alisema.

"Ulisema hivyo."

"Ningekuchoma, Mwanakhamisi. Wewe na mtoto. Kwa mikono yangu mwenyewe."

Mwanakhamisi alimpangusa majani kwenye bega la koti.

"Hukunichoma," alisema. "Nikikwambia jambo tena, unisikie tu."

Halfani alitaka kuufunga ufa kwa mpira wa baiskeli, ili wasafiri upesi. Alikuwa ameona madereva wengine wakiziba kwa sabuni.

"Hapana," Eliezeri alisema. "Sabuni huachia. Mpira wa baiskeli huliwa na petroli, unakuwa laini kama uji. Unataka mpira uliotengenezwa kwa ajili ya petroli, na vibanio vipya pande zote mbili. Mpaka upatikane, gari hili halitembei."

Wakaipunguza petroli, wakaitia katika debe lenye kifuniko, wakaliweka mbali na jiko. Mpira haukupatikana Mbeya. Uliagizwa Iringa. Halfani aliona siku ni ndefu, lakini hakulalamika. Jioni alikaa jikoni na mke wake, akimmenyea ndizi za Ikupa.

Mpira ulipofika, Eliezeri aliufunga. Kisha hakusema "tayari". Alijaza tangi tena mpaka juu. Akairudisha motokaa kwenye mwinuko ule ule, akatandika katoni mpya. Walisubiri mpaka kivuli cha gari kikahama. Katoni ilibaki kavu.

"Sasa aje mwenye pua," Eliezeri alisema.

Mwanakhamisi aliingia akaketi. Alivuta hewa mara nyingi.

"Nasikia vumbi," alisema. "Na viatu vya Halfani."

Ikupa alicheka mpaka akashika ukuta.

Walisafiri asubuhi yenye ukungu. Walipofika Chimala walisimama. Mwanakhamisi alishuka, akang'oa majani juu ya kaburi dogo. Halfani alisoma dua. Kisha wakaendelea.

Baada ya bonde, barabara ilianza kupanda. Mwanakhamisi alikuwa kimya. Halfani alimtazama, akatazama barabara, akamtazama tena. Mwisho akasimama ghafla.

"Mwanakhamisi! Harufu?"

Mwanakhamisi alifumbua macho. "Harufu gani? Mbona umesimama? Nilikuwa nimelala usingizi mtamu."

Mtoto alizaliwa hospitali ya Iringa, kwa wakati wake, mkunga akiwepo. Alikuwa msichana. Alilia kwa nguvu mpaka Halfani akamsikia akiwa nje. Walimwita Bibie.

Siku za uzazi zilipokwisha, Halfani alikuja na motokaa kuwachukua. Alikuwa amejaza petroli. Alikuwa ametazama chini ya tangi mchana, mahali pa wazi, injini ikiwa imepoa. Mama mkwe alifunga mizigo nyuma. Mwanakhamisi aliketi, akampakata Bibie. Halfani alishika usukani, lakini hakuwasha injini.

"Tunangoja nini?" Mwanakhamisi aliuliza.

"Nangoja wewe uniambie."

Mwanakhamisi alivuta hewa taratibu. Akainama, akamfunika mtoto miguu.

"Twende nyumbani, Bwana," alisema.