Kofia ya Jina Haivuliwi

Fundi cherehani alikuwa akikunja pindo la sketi pale binti yake, Kitinda, alipoingia uso umemshuka.

"Mama, jina langu limeharibika."

Alikuwa na orodha ya watahiniwa wa darasa lao. Kitinda ni jina la nyumbani tu; la shuleni alirithi kwa bibi yake, na katikati ya jina hilo kuna herufi yenye alama juu, kama kofia. Ndivyo lugha yao inavyoandikwa. Sasa mahali pa herufi hiyo palikuwa na alama ya kuuliza.

"Mwalimu aliichapa sawasawa, ikaharibikia kwa karani wa shule. Karani anasema orodha inakwenda kesho kwa wakubwa wa mitihani. Anataka tuandike bila kofia."

"Na cheti chako cha kuzaliwa?"

"Kina kofia."

Mama alisimama. Vyeti visipofanana, mtoto huyu atazungushwa ofisi hadi ofisi. Zaidi ya hapo, jina lilikuwa la mama yake mzazi, na hasira ilimpanda. Alimpitia jirani yake anayefanya kazi ya kuchapa vitabu, ambaye mtaa mzima humwita Dada Chapa. Wakaenda shuleni wote watatu.

Karani alikuwa akifuta kompyuta yake kwa leso. Ni mtu msafi kupita kiasi.

"Mama, kompyuta haizijui herufi hizo," alisema. "Wenzake arobaini na watatu wenye kofia kwenye majina wamekubali. Umebaki wewe tu, mgumu."

"Mgumu ndiyo." Mama alivuta kiti akaketi. "Sitoki hapa mpaka jina la mama yangu lirudi."

Dada Chapa aliuliza, "Kaka, ulipofungua faili la majina alilokupa mwalimu, uliona nini?"

"Uchafu mtupu! Kila herufi ya kofia imekuwa vidude viwili. Nimesafisha siku mbili, kimoja kimoja. Nikaweka alama za kuuliza, nikahifadhi."

"Hukusafisha, kaka. Umefuta majina ya watoto."

Leso ikasimama.

"Ndani ya faili, kila herufi ni namba," Dada Chapa alieleza. "Kompyuta huhitaji utaratibu wa kuzigeuza namba ziwe herufi. Mwalimu alitumia utaratibu uitwao UTF-8, unaobeba herufi za karibu lugha zote. Kompyuta yako imepangwa kwa lugha na nchi nyingine, ikakisia utaratibu wa zamani. Faili lilikuwa zima. Lilisomwa vibaya tu."

"Sasa ningefanya nini?"

"Ukiona vidude, usihifadhi. Funga. Fungua upya, uchague UTF-8. Ukimaliza kuhariri, hifadhi kwa UTF-8 hiyohiyo."

"Lakini nimeshahifadhi!"

"Basi faili hilo halina dawa. Alama ya kuuliza haikumbuki ilikuwa herufi gani. La mwalimu liko wapi?"

Karani alipekua droo, jasho likimtoka. Flashi ya mwalimu ilikuwa chini ya kopo la sabuni. Alinakili faili kwanza, ili lile la asili lisiguswe. Dada Chapa akabadilisha lugha na nchi kwenye mipangilio ya kompyuta. Kisha karani akafungua nakala, akachagua UTF-8 kwa mkono wake mwenyewe.

Kofia zote arobaini na nne zilikuwa mahali pake. Kitinda aliweka kidole kwenye kioo, juu ya jina lake. Karani hakumkemea kwa alama ya kidole.

Kesho yake mama alirudi kuhakikisha. Alimkuta karani kwenye simu, na sauti ya mkubwa wa mitihani ilisikika mpaka mlangoni.

"Orodha yenu ina vidude! Ziondoeni hizo alama!"

Karani alimtazama mama. Akaketi wima.

"Haziondoki, mkuu," alisema. "Majina ya watoto ni hayo. Funga faili bila kuhifadhi, ufungue upya kwa UTF-8. Nasubiri kwenye simu."

Mama akavuta kiti kilekile, wakasubiri pamoja.

Baada ya kitambo sauti ikarudi, ya chini. "Yamesomeka."