Dharura ya Mkurugenzi

Hilux nyeupe ilipita Kinama bila kupunguza mwendo, ikawamwagia vumbi wanawake waliopanga nyanya kando ya barabara. Spès akakaza mkono kwenye Yamaha yake, akainama juu ya tangi.

Redio ya Motorola ikakoroma kifuani mwake, ikimwita kwa jina lake la kazini.

"Kipanga, uko wapi?"

"Nyuma yake, chef. Anaelekea Gihanga."

"Usimuue. Nataka kujua nani anamutuma."

"Na kama anafika kwenye mnara?"

"Afike. Asiulipue tu."

Sauti ikakatika. Ndivyo alivyokuwa Salvator, mkuu wa kitengo kidogo cha usalama kilichopewa kazi moja: kuilinda laini ya umeme inayotoka Kongo kuja Bujumbura. Ilikuwa mwaka 2002. Vita vilikuwa vimekula karibu kila kitu, lakini laini ile ilikuwa bado inapumua.

Na asubuhi hiyo, mjini, Tume ya Laini za Mpakani ilikuwa imekaa kikao.

Sheria ilikuwa wazi. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuvusha umeme mpakani kabla serikali haijamkagua na kupanga bei. Sasa kikao kilikuwa na kifungu kipya mezani: laini ikikatwa na vita, mkurugenzi wa tume peke yake aweze kuipa kampuni yoyote kibali cha dharura, bila ukaguzi, kwa bei itakayotaka kampuni yenyewe. Wajumbe walikuwa wamekikataa mara mbili. Laini haijakatika, walisema. Dharura iko wapi?

Basi kuna mtu aliyeamua kuwaletea dharura.

Hilux ikaacha lami, ikaingia njia ya mashamba ya pamba. Spès akazima pikipiki na kuilaza mtaroni. Akachomoa bastola yake ya Browning, akatembea akiwa ameinama.

Mnara ulisimama katikati ya uwanda, nyaya zake zikinguruma kwa mbali. Chini yake alikuwapo mwanamume mwenye ovaroli ya buluu na kofia ngumu. Ukimwona barabarani ungesema fundi, ungempungia mkono. Alikuwa amepiga magoti, akifunga baruti kwenye mguu wa mwisho wa mnara, taratibu, kama mama anayemfunga mtoto nepi.

"Callixte," alisema Spès, aliyeijua sura ile kwa picha za faili.

Mtu yule hakugeuka. Alitupa sepetu nyuma kwa mkono mmoja. Ikampata Spès begani, bastola ikaanguka. Callixte akairukia. Spès akamtia goti la shingo, akamkandamiza uso kwenye udongo hadi alipoacha kutapatapa, kisha akamnyang'anya swichi ya kulipulia na kumfunga pingu kwenye chuma cha mnara.

Palepale kwenye baruti.

"We ni mwendawazimu," alisema Callixte, midomo imejaa udongo.

"Swichi ninayo mi. Nani anakutuma?"

"Sijui jina. Sauti tu, kwa redio."

"Mwite."

Redio ilikuwa ndani ya Hilux iliyoegeshwa kando ya mnara, na waya wa maikrofoni ulifika. Spès akamwekea kinasa sauti chake cha Sony karibu na shingo, kidude kidogo kuliko kiberiti cha jikoni. Akamshikia maikrofoni mdomoni.

"Mwambie uko tayari. Halafu muulize habari ya hospitali."

"Hospitali gani?"

"Ile ya Kamenge. Batu wako juu ya meza ya operesheni saa hizi, Callixte. Jenereta yao haina mafuta tangu juzi. Hukujua?"

Callixte akatazama pembeni. Hakuwa akijua, au hakutaka kujua. Akavuta pumzi, akasema kwenye maikrofoni:

"Niko tayari. Lakini hospitali, chef? Bale bagonjwa?"

Redio ikakwaruza. Kisha ikaja sauti nene, ya upole, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Wagonjwa wanakufa kila siku katika nchi hii. Nani atahesabu? Watasema ni waasi. Valéry yuko hapa, karatasi ziko mezani. Saa sita kamili, nikirudi kukaa, bonyeza."

Spès aliijua sauti ile. Mwezi wa tatu ilisoma hotuba ya mazishi ya mafundi wawili waliolipuliwa kwenye laini hiihii. Adolphe, mkurugenzi wa tume. Alilia siku ile. Alimkumbatia mjane mmoja mbele ya kamera, akamwita dada.

"Bale mafundi," alisema Spès polepole. "Mwezi wa tatu."

"Tulikuwa tunajaribu baruti," alisema Callixte. "Tuliambiwa pale hapana mutu."

Spès akakata nyaya za baruti kwa koleo, mguu baada ya mguu, kisha akamwita Salvator.

"Leta askari bamuchukue huyu. Mi nakuja mjini na gari yake."

"Umemujua tajiri wake?"

"Ego, ndiyo. Nimemujua vizuri."

Chumba cha mkutano kilikuwa na joto. Feni ilizunguka darini, taa ndefu zikiwaka ingawa ilikuwa mchana. Wajumbe walikuwa wameinamia karatasi zao. Valéry, Mzungu wa majenereta ambaye kampuni yake ilikuwa inakingoja kibali, alikuwa akichezea kalamu.

Mtu mmoja tu hakuwa akitazama karatasi. Adolphe alikuwa akiitazama taa.

Spès akavuta kiti, akakaa mkabala naye akiwa na matope hadi magotini.

"Unangoja nini, Bwana directeur?"

"Nani amekuruhusu kuingia hapa?"

Spès akaweka kinasa sauti mezani, akakibonyeza.

Wagonjwa wanakufa kila siku katika nchi hii. Nani atahesabu?

Mjumbe mmoja, mama Lisette, ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa Kamenge, alivua miwani na kuiweka juu ya karatasi. Valéry akainuka. Mlangoni akakutana na kifua cha askari wa Salvator, akarudi kukaa.

Adolphe akajaribu kutabasamu.

"Binti yangu, vita vina mambo yake. Tuzungumze nje, kwa heshima."

Akanyoosha mkono. Spès akautazama ule mkono uliotakata kwa sabuni, kucha zimekatwa vizuri, jinsi mtu anavyotazama funza kwenye nyama. Akauacha ukining'inia hewani.

"Kile kifungu," aliuliza mjumbe mmoja kwa sauti ndogo, "tukifanyeje?"

"Kichaneni," alisema mama Lisette.

Spès alikuwa tayari mlangoni. Askari akamkimbilia ngazini.

"Afande, mkurugenzi tumuweke wapi? Mbele kuna nafasi."

"Nyuma. Kwenye turubai, pamoja na Mzungu wake."

Akavaa miwani ya jua, akaingia kwenye Hilux ya Callixte na kufungua madirisha yote.